Je, Kutojua ni Udhuru?

Miongoni mwa maswali yaliyonisumbua tangu nilipopata akili hadi leo ninapoitwa babu, limo moja ambalo sijapata kulisikia likijadiliwa barazani kama linavyostahili. Mtu akimtendea mwenziwe jambo baya kwa sababu anaamini, kwa moyo safi kabisa, jambo ambalo si kweli, je, ana hatia? Wanasheria wana jibu lao fupi: kutojua sheria si kinga. Lakini mimi sizungumzii kutojua sheria. Nazungumzia kutojua ukweli wa mambo yenyewe, kama vile kutojua kwamba ugonjwa fulani hauambukizi, na kwa sababu hiyo kumkimbia mgonjwa aliyehitaji mkono wako.

Nimeamua kulipima swali hili kwa ugonjwa mmoja tu, nao ni kifafa. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kifafa, ingawa kipo duniani kote, kimeweka kambi katika nchi za joto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana ugonjwa huu, na takriban 80 kati ya kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sababu ya pili ni yangu mwenyewe. Nilizaliwa Ulanga, chini ya milima ya Mahenge, mahali ambapo kifafa kinajulikana kama mvua na jua vinavyojulikana, na dada yangu aliyenifuata kwa juu alikuwa nacho.

Dada alianza kuanguka akiwa na umri wa miaka minane hivi. Siku hizo ilisemwa, tena na watu wazima wenye heshima zao, kwamba ugonjwa huo huhama kwa mate, kwa povu la mgonjwa, kwa mkojo wake, hata kwa hewa imtokayo wakati ameanguka. Basi Bibi, mama mzaa baba, aliyekuwa akitulea, alimtengea dada bakuli lake, kikombe chake na mkeka wake. Sisi watoto wengine tulikatazwa kula naye. Akianguka, tulitakiwa tukimbie nje tumwite Bibi. Bibi alikuja peke yake, akamvuta mbali na moto, akamkalia karibu mpaka azinduke, akamfuta uso, kisha akaenda kunawa mikono kwa majani aliyoyajua yeye.

Mnamo mwaka 1958, dada alianguka mtoni alipokwenda kuteka maji. Walikuwapo watu wazima wawili ng'ambo ya pili. Maji pale hayakuvuka magoti. Hawakuingia, kwa kuwa waliamini kwamba povu lake limekwisha kuchanganyika na maji, na ayakanyagaye maji hayo ataupeleka ugonjwa nyumbani kwa wanawe. Walipiga mayowe. Bibi alipofika, dada alikuwa amekwisha kufa.

Simulizi hii siisemi ili kumtafuta mtu wa kumlaumu. Watu wale wawili wamekwisha kufariki, na nilikua nikiwaamkia kwa adabu kama nilivyowaamkia wazee wengine. Naisema kwa sababu swali la kutojua, kwangu mimi, halikutoka vitabuni. Lilitoka mtoni.

Hebu sasa tulitazame kwa utulivu. Jibu jepesi ni kusema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga, basi. Jibu hilo silikubali, kwa kuwa si kweli. Wazee waliona jambo la kweli kabisa: kwamba katika nchi yetu kifafa huandama nyumba. Mtoto mmoja akikipata, mara nyingi wa pili hufuata, na nyumba ya jirani pia. Nyumba za karibu na mito iendayo kasi zilikuwa na wagonjwa wengi kuliko nyumba za mbali. Mtu mwenye akili timamu akiona hayo, atasema nini? Atasema ugonjwa huu unaambukiza. Hawakukosea katika kuona. Walikosea katika kuunganisha.

Leo tunajua zaidi. Mahenge ni nchi ya usubi, yule mdudu mdogo mweusi anayezaliana katika maji yaendayo kasi, ambaye akiuma huacha vimelea vya minyoo mwilini. Ugonjwa huo wa usubi ulijulikana kwanza kwa kuwasha ngozi na kupofusha macho. Tafiti za miaka ya karibuni, za Mahenge, za kaskazini mwa Uganda, za Sudan Kusini, za Kongo na Kameruni, zimeonyesha kwamba palipo na usubi mwingi usiodhibitiwa, pana kifafa kingi cha watoto. Ni njia gani hasa hao minyoo huudhuru ubongo, wataalamu bado wanaitafuta. Lakini uhusiano wenyewe unaonekana. Kwa hiyo, ndugu wa nyumba moja hawakuambukizana kwa mate. Waliumwa na mdudu mmoja kando ya mto mmoja.

Usubi si sababu pekee. Iko malaria inayopanda kichwani, ambayo mtoto huipata na kupata degedege. Akipona, wako wanaobaki na kifafa au uzito wa kujifunza. Uko uzazi mgumu, mtoto anapokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Na yuko tegu wa nguruwe, ambaye kisa chake kina mafunzo makubwa kwa swali letu, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikieleze.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye tegu, isiyoiva vizuri, tegu hukua tumboni mwake. Tegu huyo hutaga mayai, nayo hutoka na choo. Mtu huyo asiponawa mikono, au akijisaidia vichakani, mayai huingia katika chakula na maji. Yeyote atakayeyameza, awe anakula nguruwe au hali kabisa, anaweza kupatwa na vifuko vya minyoo katika ubongo wake, navyo vikamletea kifafa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi washika dini wa New York, watu wasiogusa nyama ya nguruwe maishani mwao, waliopatwa na ugonjwa huu. Ilionekana kuwa mayai yaliingia nyumbani kupitia kwa watumishi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu wengi. Huku kwetu, ugonjwa huu umechunguzwa Mbulu na Mbozi, kunakofugwa nguruwe wanaozurura. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyo, takriban 30 kati ya kila wagonjwa 100 wa kifafa wamekipata kwa njia hiyo.

Tazama basi jinsi ukweli ulivyo wa ajabu kuliko uvumi. Wazee walisema kifafa huletwa na jirani kwa uchawi. Sayansi inasema kifafa cha tegu huletwa na jirani kwa mkono usionawa, bila yeye kukusudia wala kujua. Mgonjwa hana hatia, na jirani hana nia mbaya, lakini choo kisichojengwa kipo. Anayetafuta mchawi hatajenga choo.

Nirudi kwenye swali. Ikiwa wazee waliona sawasawa na wakakosea katika kuunganisha tu, je, si wamesamehewa? Hapa ndipo ninapotaka twende polepole, kwani hapa pana njia panda.

Kwanza, kumtenga mgonjwa wa ugonjwa unaoambukiza si dhambi. Wazee waliwatenga wenye ndui, na kwa kufanya hivyo waliwaokoa wengi. Bibi alipomtengea dada bakuli alikuwa akiwalinda wajukuu wengine kwa elimu aliyokuwa nayo. Nikimhukumu kwa bakuli lile, itanibidi nimhukumu pia kila mama aliyepata kumkataza mwanawe kucheza na mwenye surua. Hilo siliwezi.

Lakini pili, Bibi na wale wawili wa mtoni waliamini jambo moja. Hawakutofautiana katika elimu hata chembe. Bibi aliamini kwamba povu linaambukiza, akaligusa. Wao waliamini kwamba povu linaambukiza, wakabaki ukingoni. Kama kutojua ndiko kulikowazuia wale wawili, mbona hakukumzuia Bibi? Tangu nilipolifahamu jambo hili, nimeshindwa kukubali kwamba kutojua kunatosha kueleza kila kitu. Kutojua sababu ya ugonjwa ni jambo moja; kutojua kwamba mtoto anayezama anastahili kuinuliwa ni jambo jingine kabisa. La kwanza linahitaji darubini. La pili halihitaji.

Msomaji atasema: Bibi alikuwa bibi yake, damu ni nzito kuliko maji. Nakubali. Aidha, wale wawili walikuwa na watoto wao wa kuwahofia. Nakubali hilo pia, na ndiyo maana nasema siwalaumu kwa jinsi mtu anavyomlaumu muuaji. Hofu yao ilikuwa ya kweli na walichohofia kupoteza kilikuwa kikubwa. Ninachosema ni kwamba hofu inapunguza deni, haiifuti hesabu. Hata kama ugonjwa ungekuwa unaambukiza kweli, bado pangebaki swali la nani aingie majini. Wauguzi wanaowahudumia wenye kipindupindu wanajua vizuri kwamba kinaambukiza, na bado wanaingia wodini.

Tatu, kuna kutojua ambako mtu hukuchagua. Bibi alimshika dada mara nyingi zisizohesabika kwa miaka mitano, naye hakupata kuanguka hata siku moja. Kijiji kizima kilimwona. Ushahidi uliketi mbele ya macho yao, wakasema, "Bibi ana dawa yake, yale majani." Waliyapa majani sifa kuliko kuuliza kama hofu yenyewe ina msingi. Mtu asiyejua kwa sababu hajapata nafasi ya kujua ni mnyonge. Mtu asiyejua kwa sababu kujua kungemwongezea kazi, huyo ana hesabu ya kutoa. Na tusijidanganye kwamba watu wa namna hii waliisha na zama za mababu.

Karibu na mwaka 1960, miaka miwili hivi baada ya msiba wetu, alifika Mahenge daktari wa kike kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Aliwakuta watoto wenye makovu ya moto, vijana waliofichwa vibandani, akaanzisha kliniki ya kifafa. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, jambo ambalo dunia ililishughulikia sana miaka mingi baadaye lilipoonekana Sudan Kusini na Uganda. Dawa aliyoitumia zaidi ilikuwa fenobabitali. Watu waliokuwa wakianguka kila juma walikaa miezi bila kuanguka. Nilikuwa mvulana, nikaona kwa macho yangu mwanamume aliyefichwa akirudi shambani kwake.

Nilipokwenda kusoma ualimu nilijifunza jambo lililoniondolea usingizi. Fenobabitali ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912. Elfu moja mia tisa na kumi na mbili! Dada yangu alifariki mwaka 1958. Kwa miaka 46 dawa ilikuwapo duniani, rahisi kutengenezwa, na haikuwa imepanda milima yetu. Basi nikalazimika kulipanua swali langu. Nilikuwa nimewatazama watu wawili ukingoni mwa mto, ambao hawakujua. Sikuwa nimewatazama wale wote, serikalini na kwingineko, waliojua na wakawa ukingo wa mbali zaidi.

Wala tusidhani elimu inatosha kumfanya mtu awe mwema. Nchini Marekani, taifa lenye hospitali na maabara za kila aina, hadi miaka ya 1970 sheria iliruhusu mtu mwenye kifafa azuiwe kuingia katika mikahawa na majumba ya michezo ya kuigiza. Huko hakukuwa na uhaba wa vitabu. Na tangu enzi za Wagiriki wa kale, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates alikwisha kuandika kwamba ugonjwa ulioitwa mtakatifu hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, bali chanzo chake ni ubongo. Jambo lililojulikana tangu siku hizo lilihitaji zaidi ya kujulikana.

Mimi mwenyewe nililiona hili katika kazi. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokiongoza, mwanachuo wa kike wa mwaka wa kwanza alianguka kifafa mstarini. Kesho yake wakufunzi watatu walikuja ofisini wakitaka arudishwe kwao. Hawakuwa wajinga. Mmoja alikuwa mwalimu wa biolojia, na alinieleza vizuri kwamba kifafa ni hitilafu ya mawasiliano ya umeme katika ubongo, wala hakiambukizi. Kisha akasema, "Lakini, Mkuu, watoto wataogopa, na wazazi watasema nini?" Alikuwa na ujuzi wote ambao Bibi hakuwa nao, na alisimama upande ule wa mto.

Hoja yao haikuwa ya kudharauliwa, maana mwalimu akianguka mbele ya watoto 60 ni jambo zito. Nilimwomba mganga mkuu wa hospitali atupe ushauri wake. Binti alianzishiwa dawa. Tukakubaliana naye kwamba hatakwenda kisimani peke yake, hatapika kwenye moto wa wazi, na atalala kitanda cha chini. Tukawafundisha wenzake la kufanya. Alimaliza, akafundisha darasa la pili kwa miaka mingi. Aliniandikia barua siku moja kwamba alianguka darasani, na alipozinduka akakuta ameshalazwa ubavu, sweta ya mtoto chini ya kichwa chake, na mtoto mmoja akihesabu dakika kwa saa ya ukutani. Alikuwa amewafundisha mwenyewe siku ya kwanza ya muhula. Watoto wa miaka minane hawakuogopa, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewatangulia kuwafundisha kuogopa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Kutojua ni udhuru, lakini ni udhuru wenye mipaka mitatu. Unakoma pale ambapo jambo lenyewe halihitaji elimu, kama vile kumwinua mtoto. Unakoma pale ambapo mtu amefumba macho asione. Na unakoma kabisa siku ile mtu anapoambiwa. Baada ya siku hiyo hawezi tena kusema "sikujua"; linalobaki ni "sikufanya."

Mpaka huo wa tatu ndio unaotuhusu sisi tulio hai. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100 wa kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na dawa zinazofaa. Dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu chini ya dola 5 za Marekani. Hata hivyo, katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayoyahitaji. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana juu ya mpango wa miaka kumi wa kupunguza pengo hilo. Mipango ni mizuri, lakini mgonjwa wa kijijini anaipima kwa jambo moja: je, dawa ipo zahanati leo, au ameambiwa arudi juma lijalo? Mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko awali. Rafu tupu ni hatari kwake kama mto.

Naomba nimalizie kwa mambo madogo ambayo kila msomaji anaweza kuyashika, ili asije akasema hakuambiwa. Ukimwona mtu ameanguka kifafa, msogeze mbali na moto, maji na vitu vikali. Weka kitu laini chini ya kichwa chake. Usimkandamize, wala usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtetemo ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue. Tazama saa, ukipita muda wa dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali. Usimpe kinywaji mpaka fahamu zimrudie sawasawa. Mtoto mwenye degedege apelekwe haraka kupimwa malaria, wala msiisikilize ile hadithi kwamba sindano humuua. Jengeni choo. Nguruwe wafungiwe, na nyama iive. Dawa ya usubi, ivamektini, ikigawiwa kijijini, imezeni kila inapokuja, hata kama hamwashwi.

Na mate yake hayaambukizi. Mguse.